Waifai Imeshika, Intaneti Haipo: Namna ya Kutafuta Tatizo Hatua kwa Hatua

Unafungua laptopu asubuhi. Alama ya waifai pale chini kulia ipo na imejaa, jina la mtandao wako unaliona. Unafungua barua pepe, kimya. Unabofya ile alama, inakuandikia "No internet, secured". Yaani umeunganishwa, nywila imekubaliwa, ila hakuna kinachopita.

Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya ufundi hapa Mwanza, ujumbe huu umeniletea wateja wengi kuliko skrini zilizopasuka. Wengi wao hufika wakiwa wameshatoa hela kwa kazi ambayo haikuhitajika: huyu amepigiwa windo upya (yaani amewekewa Windows upya), yule amebadilishiwa kadi ya waifai, mwingine amenunua ruta mpya, kumbe bando lilikuwa limekwisha. Inaniuma, kwa sababu ugonjwa huu unapimika nyumbani kwako ndani ya robo saa, bila bisibisi wala programu ya kununua.

Kanuni yake ni moja: usitengeneze chochote kabla hujajua njia imekatikia wapi. Waliokuwa wakisafiri kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025 watanielewa haraka. Gari likikaa Kigongo saa mbili kwa sababu pantoni haijarudi, hakuna dereva aliyefungua boneti kukagua injini. Alijua gari ni zima, kilichokwama ni kivuko. Data yako nayo husafiri kwa vipande: kutoka kwenye laptopu hadi kwenye ruta, kutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti, na kutoka kwa kampuni hadi ulimwenguni. Zile pinde za alama ya waifai hupima kipande cha kwanza peke yake. Zikijaa, maana yake umefika gatini Kigongo. Habari za pantoni hazizijui.

Maelezo ya kubofya hapa nimeyaandika kwa Windows 10 na 11, ambazo ndizo zimejaa mezani kwangu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Anza na simu

Chukua simu, iunganishe kwenye waifai ileile, kisha zima data ya laini. Hilo la kuzima data usiliruke. Simu za siku hizi zikiona waifai haina intaneti huhamia kwenye data ya laini kimyakimya, nawe utaapa mbele ya fundi kwamba "kwenye simu inafanya kazi", kumbe simu inakula bando lako.

Kama simu nayo haipati kitu, laptopu yako haina kosa. Iache ilivyo, usiibadilishe lolote, nenda sehemu inayofuata. Kama simu inapata vizuri, ruta na kampuni wako salama, na unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye "Laptopu peke yake ndiyo haipati".

Huna kifaa cha pili kwenye waifai hiyo? Geuza kipimo. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu kwenye hotspoti. Ikifungua kurasa, sehemu kubwa ya laptopu umeshaiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Vifaa vyote havipati

Bando kwanza. Usione aibu kuanzia hapo, hata mimi huanzia hapo. Kwa ruta ya laini, chomoa laini, iweke kwenye simu na uangalie salio la data. Angalia na tarehe ya mwisho, maana kifurushi cha mwezi kinaweza kufa kwa muda huku GB zikiwa bado zimo. Kwa faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya wa kioo, angalia kama malipo ya mwezi yamepita.

Halafu tazama taa za ruta, ukiwa umeisogelea. Kwenye kifaa cha faiba kuna taa mbili zinazosema karibu kila kitu. Inayoitwa PON inatakiwa iwake kijani bila kupepesa. Inayoitwa LOS inatakiwa iwe imezimika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako: waya umekatika, umechomoka, au umekunjwa mno. Ule waya mwembamba una uzi wa kioo ndani. Ukiukunja kama unavyokunja waya wa chaja, au ukiubana chini ya mguu wa kochi, mwanga hauwezi kupinda nao. Ufuatilie kwa mkono kutoka ukutani hadi kwenye kifaa. Ukiona kona kali, ilegeze. Usimwelekezee mtu machoni ncha ya waya huo, wala usichungulie ndani yake wewe mwenyewe. Kama LOS bado ni nyekundu, hiyo ni kazi ya kampuni, wapigie.

Kama taa ziko sawa, izime ruta na kuiwasha, lakini kwa utaratibu. Chomoa kwenye umeme, hesabu hadi 30, chomeka tena, kisha usiiguse kwa dakika tatu. Watu wengi huchomoa na kuchomeka papo hapo, ruta ikabaki na chaji kidogo ndani na kumbukumbu yake mbovu ileile. Wengine hawasubiri: taa ya waifai ikiwaka tu wanaanza kujaribu, wakati ruta bado inabishana na mitambo ya kampuni. Umeme ukirudi baada ya kukatika, hasa ule unaorudi kwa kurukaruka, ruta mara nyingi huwaka nusu namna hiyo. Zoezi hili hulitibu.

Kile kitundu kidogo nyuma kilichoandikwa "Reset" usikichokoe na sindano. Hicho hakiwashi upya, kinafuta. Mipangilio iliyowekwa na kampuni, pamoja na jina na nywila ya kuingilia kwenye mtandao wao, inaondoka yote, na ruta iliyokuwa na kasoro ndogo inageuka kuwa ruta tupu. Nimeona familia ikikaa siku nne ikimsubiri mtu wa kampuni kwa sababu ya sindano hiyo.

Ruta za laini zina shida moja ambayo ni ya mji wetu hasa. Mwanza tumejenga juu ya mawe na katikati ya mawe. Ukiwa Mabatini, Bugarika, Igogo au Isamilo, nyumba inaweza kuwa imeegemea jabali lenye ukubwa wa ghorofa, na mawimbi ya mnara hayapenyi itale. Ruta ikiwekwa chumba kilichoegemea jiwe inaonesha waifai safi kabisa ndani ya nyumba, kwa sababu waifai inatoka kwake yenyewe, wakati upande wa mnara haisikii kitu. Ihamishie dirisha la upande wa wazi, wa bondeni au wa ziwani, juu ya kabati, si sakafuni. Mita tatu tu zinaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kununua kifurushi cha bei ya juu.

Kuna na radi. Sisi wa ukanda wa Ziwa Victoria tunaishi katika mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba kubwa za ziwani hupenda usiku. Radi hupita kwenye waya wa umeme, hupita pia kwenye waya wa shaba wa mtandao. Ukisikia ngurumo inakaribia, chomoa chaja ya laptopu na chaja ya ruta. Ruta iliyopigwa si lazima ife kabisa: huweza kuendelea kurusha waifai huku tundu lake la kupokea intaneti likiwa limeungua. Asubuhi unaona alama imejaa na hakuna intaneti. Dalili yake ni kwamba waya umechomekwa vizuri lakini taa ya tundu hilo haiwaki hata ukibadilisha waya.

Mara chache tatizo liko mbali kuliko wote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Siku ile nilipokea laptopu nyingi nzima kabisa. Ukiona jirani mwenye kampuni nyingine naye analalamika, kaa utulie.

Laptopu peke yake ndiyo haipati

Hapa ndipo pana mambo. Anza na yale ya sekunde chache. Washa hali ya ndegeni, hesabu hadi kumi, izime. Kama una VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine kwanza, izime. Kisha iambie laptopu isahau mtandao: fungua "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", "Manage known networks", chagua jina la mtandao wako, bonyeza "Forget". Unganisha upya kwa kuandika nywila. 

Kisha jiulize kama Windows inasema kweli. Watu hawajui kwamba yale maneno "No internet" hayatokani na kupima intaneti yote. Windows hujaribu kufungua faili moja dogo kwenye seva ya Microsoft, na ikishindwa inakuandikia hakuna intaneti. Wewe nawe lifungue. Andika kwenye kivinjari:

http://www.msftconnecttest.com/connecttest.txt

Likifunguka utaona maneno matatu tu, "Microsoft Connect Test". Ukiyaona, njia iko wazi, na tatizo lako ni la kivinjari, tarehe, au programu inayoziba. Ukiona ukurasa mwingine kabisa unaokuomba jina, namba au vocha, uko kwenye waifai ya kujiandikisha, na nitaifikia. Usipoona kitu, endelea.

Tarehe

Mama mmoja mwenye steshenari Igoma aliniletea laptopu ikiwa imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine wameshanila elfu thelathini na bado haifungui. Wanasema kadi imekufa, niongeze elfu arobaini."

Nikaiwasha. Waifai ikashika. Nikafungua ukurasa, kivinjari kikaandika "Your connection is not private". Kila tovuti, hivyo hivyo. Nikaangalia kona ya chini: 1 Januari 2015, saa saba na dakika nne usiku. Wakati ule jua la saa nane mchana lilikuwa linatuunguza barazani.

Tovuti karibu zote leo zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu inayoamini iko mwaka 2015 inaona vyeti vyote havijaanza kazi, inavikataa, na kadi ya waifai inalaumiwa bure. Nilirekebisha tarehe, nikachagua saa za Nairobi ambazo ni saa zetu pia, kurasa zikafunguka. Kilichokuwa kimekufa ni betri ndogo ya duara iliyo ndani, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa laptopu ikizimwa. Ni betri ya bei ndogo inayouzwa hata na mafundi saa. Kama tarehe ya laptopu yako inarudi nyuma kila ukiizima, ni hiyo. Mama alicheka, halafu akanyamaza kwa muda. Elfu thelathini kwa mtu anayetoa kopi moja moja si hela ndogo.

Soma anwani yako

Sasa tufungue dirisha jeusi. Lisikutishe, hapa tunasoma tu, hatuharibu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza "Enter". Kisha andika:

ipconfig

Yatatoka maandishi mengi. Tafuta fungu lenye kichwa "Wireless LAN adapter Wi-Fi", mengine yaache. Ndani yake unatafuta mistari miwili: "IPv4 Address", ambayo ni namba ya nyumba ya laptopu yako, na "Default Gateway", ambayo ni namba ya ruta, mlango wa kutokea. Katika nyumba nyingi utaona kitu kama 192.168.1.23 na 192.168.1.1. Vipande vitatu vya mwanzo vikifanana, laptopu na ruta wako mtaa mmoja, wanaelewana.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, umepata jibu muhimu. Hiyo haikutoka kwenye ruta. Laptopu iliomba namba, ikasubiri, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ni mtu aliyefika mjini, hakupokelewa, akajichorea namba ya nyumba ukutani. Waifai itaonekana imeshika, lakini hakuna barua itakayomfikia. Andika haya, moja baada ya jingine:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Ya pili inaweza kuchukua nusu dakika. Ikirudi na anwani isiyoanza na 169.254, umepona. Ikigoma, zima ruta na kuiwasha kama nilivyoeleza juu. Kwa hotspoti ya simu, hesabu walioungana: simu nyingi hukomea vifaa 8 au 10, na wadogo zako wakiwa wamejaa humo wewe unabaki mlangoni.

Hali ya tatu huwakuta wafanyakazi wa ofisini. Anwani ipo, si ya 169.254, lakini haifanani na ya nyumbani. Kijana mmoja wa Nyegezi laptopu yake ilikuwa inapata intaneti kazini tu. Kila akirudi nyumbani, hakuna. Fundi wa ofisi yao alikuwa ameipa anwani ya kudumu, 192.168.10.45, nayo ikawa inaenda nayo hadi nyumbani ambako ruta inaishi 192.168.1.1. Fungua "Settings", "Network & internet", "Wi-Fi", kisha sifa za mtandao wako, tafuta "IP assignment", bonyeza "Edit" na uchague "Automatic (DHCP)". Ofisini muulize fundi kabla hujaigusa, huenda mashine ya kuchapia inaitegemea.

Piga hodi mlango kwa mlango

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na laiti kingefundishwa kila mwenye laptopu. Amri ya ping inapiga hodi kwenye anwani na kusubiri kuitikiwa. Piga nne, kwa mpangilio huu, ukiweka anwani yako ya "Default Gateway" kwenye ya pili:

ping 127.0.0.1
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping google.com

Ya kwanza ni laptopu kujipigia hodi yenyewe. Isipojibu, programu ya mtandao ndani ya Windows imeharibika, nenda kwenye kufuta mipangilio. Ya pili ni ruta. Ukiona "Reply from" na mwisho wa mstari kitu kama time=3ms, kipande cha kwanza cha safari ni kizima. Ukiona "Request timed out" au "Destination host unreachable", laptopu haifiki hata kwenye ruta, hata kama alama imejaa. Hapo fikiria anwani, umbali, au draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya waifai. Zipo ruta chache zilizozuiwa zisijibu hodi, kwa hiyo kabla hujahukumu piga ya tatu.

Ya tatu, 8.8.8.8, ni seva ya Google iliyo nje kabisa. Ikijibu, pantoni imevuka: intaneti unayo. Ruta ikijibu na hii isijibu, wakati simu kwenye waifai hiyohiyo inapata, angalia VPN, antivairasi, na kama ruta imeifungia laptopu yako, maana ruta nyingi zina orodha ya vifaa vilivyozuiwa na watoto wa nyumbani wanajua kuitumia.

Ya nne inatumia jina badala ya namba. Kama 8.8.8.8 inajibu na google.com inaambiwa "could not find host", kinachokosekana ni mtu wa kutafsiri majina kuwa namba, yaani DNS. Hii ni ya kawaida sana na tiba yake ni nyepesi. Kwanza futa majina ya zamani:

ipconfig /flushdns

Isiposaidia, rudi kwenye sifa za mtandao wako, tafuta "DNS server assignment" (jina hili ni la Windows 11), "Edit", "Manual", washa IPv4, na uandike 8.8.8.8 kwenye nafasi ya kwanza na 1.1.1.1 kwenye ya pili. Hifadhi, jaribu tena.

Zote nne zikijibu na kivinjari bado hakifungui, umebaki na washukiwa wachache. Tarehe tumeiona. Angalia "Proxy" ndani ya "Network & internet": kama "Use a proxy server" imewashwa na hukuiwasha wewe wala ofisi yako, izime. Programu chafu za kupakua hovyo hupenda kuiwasha. Antivairasi iliyoisha muda nayo huweza kuziba njia, na iliyoondolewa nusu ni mbaya zaidi.

Waifai za kujiandikisha na za vocha

Hotelini, chuoni, na kwenye waifai za vocha za mitaani kwetu, kuunganishwa ni nusu ya kazi. Lazima ukurasa wa kujiandikisha ufunguke, na mara nyingi unagoma kwa sababu unajaribu kwenda kwenye tovuti yenye ulinzi ambayo haikubali kuelekezwa pengine. Andika neverssl.com. Ni tovuti iliyotengenezwa makusudi isiwe na ulinzi huo, na ukurasa wa kujiandikisha hujitokeza hapo.

Kama uliweka DNS kwa mkono kama nilivyoeleza juu, irudishe "Automatic" ukiwa kwenye waifai hizi, la sivyo ukurasa wao hutauona. Jambo la pili ni la wanunuzi wa vocha. Vocha nyingi hufungwa kwenye anwani ya kadi ya kifaa chako. Windows ina kitu kinaitwa "Random hardware addresses", na kikiwekwa kubadilika kila siku, kesho yake mtambo unakuona mgeni na vocha yako ya wiki inakataliwa. Kwa mtandao huo, kizime kabla ya kununua vocha, si baada.

Draiva, na laptopu iliyotoka kupigwa windo

Kama waifai ilikuwa nzima hadi siku ulipopigiwa windo, tatizo ni draiva hadi ithibitike vingine. Bofya kulia kitufe cha Windows, fungua "Device Manager", kisha "Network adapters". Alama ya njano kwenye kadi ya waifai, au kifaa kisichojulikana chini ya "Other devices", ndiyo dalili. Tatizo ni kwamba draiva iko kwenye intaneti na intaneti huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, washa "USB tethering". Simu inageuka kuwa kadi ya mtandao, laptopu inapata intaneti kwa waya. Nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika modeli kama ilivyo kwenye kibandiko cha chini, pakua draiva ya waifai ya hapo. Zile programu za "kutafuta draiva zote bure" ziache kabisa.

Kama mtandao hupotea baada ya laptopu kulala tu, bofya kadi mara mbili, fungua "Power Management", ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Baadhi ya laptopu mpya hazina kichupo hicho.

Na kama mtandao wako una majina mawili, moja likiishia na 5G, hiyo si 5G ya simu. Ni waifai ya masafa ya GHz 5, yenye kasi lakini dhaifu kupenya kuta, na baadhi ya laptopu za zamani haziioni kabisa. Ukiwa chumba cha mbali au laptopu ni ya umri, tumia lile jina jingine la GHz 2.4.

Kufuta na kuanza upya

Hii ni ya mwisho kwa sababu inafuta hata vilivyokuwa vizuri. Kabla ya yote okoa nywila yako. Ukiwa na cmd, andika amri hii ukiweka jina la waifai yako ndani ya alama za nukuu:

netsh wlan show profile name="JINA" key=clear

Nywila itatokea kwenye mstari wa "Key Content". Iandike kwenye karatasi. Kisha fungua cmd upya kwa kuibofya kulia na kuchagua "Run as administrator", andika:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Zima laptopu, iwashe. Bado? "Settings", "Network & internet", "Advanced network settings", "Network reset". Kwenye Windows 10 iko chini ya "Status". Waifai zote ilizowahi kuzijua zitafutika, na VPN ya kazini itabidi iwekwe upya.

Ikigoma hata hapo, nunua au azima kadi ndogo ya waifai ya USB. Ikifanya kazi, kadi ya ndani ndiyo mgonjwa, au zile nyaya zake mbili nyembamba za antena zimechomoka, jambo linalotokea sana laptopu ikitoka kutengenezwa bawaba za skrini. Mwambie fundi azikague mbele yako kabla hajasema kadi imekufa.

Unapopiga simu kwa kampuni

Kama vipimo vimeelekeza nje ya nyumba yako, piga amri moja zaidi:

tracert 8.8.8.8

Itaorodhesha kila kituo njiani. Mstari wa kwanza ni ruta yako, unaofuata kwa kawaida tayari ni wa kampuni. Nyota moja moja njiani si hoja, vipo vituo visivyojibu. Nyota zikianza mahali fulani na zisikome tena, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta. Piga picha skrini.

Halafu usiwaambie "intaneti haifanyi kazi", maana watakuambia uzime na uwashe ruta, nawe umeshafanya. Waambie hivi: "Taa ya PON ni ya kijani, LOS imezimika. Ruta nimeizima na kuiwasha. Ping ya ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu kwenye laptopu wala kwenye simu, tangu jana saa mbili usiku. Tracert inaishia mstari wa pili." Kisha omba namba ya malalamiko yako, na uiandike kwenye karatasi ileile yenye nywila.